Aliyefaulu Yupo

Mimi ni mwepesi wa kushika majina, na hilo najivunia waziwazi. Nipe darasa la watoto hamsini Jumatatu, Jumatano nitakuambia nani ni nani, nani kavaa sweta la kaka yake na nani anatafuna karanga chini ya dawati. Walimu wenzangu walikuwa wanasema nina kichwa cha polisi. Kwa hiyo mwaka ule nilipohamishwa kutoka Tunduma kwenda shule moja ya kata huko Mbozi, upande wa Itaka, na kukabidhiwa kidato cha kwanza niwe mwalimu wao wa darasa, sikuwa na wasiwasi hata chembe. Nilichoogopa ni baridi tu.

Tunduma nilikuwa nimezoea makelele. Pale Chapwa nilikokuwa nafundisha, malori yanaunguruma mchana kutwa yakisubiri kuvuka mpaka, na watoto wanaingia darasani wakiwa wameshauza maandazi, wanasalimiana "mulishani", salamu ya Zambia, kama wafanyabiashara wakubwa. Ukimfokea mmoja wanakujibu wanne. Huku Mbozi nikakuta kimya. Januari ile ukungu ulikuwa unashuka mpaka kwenye madirisha, na watoto walikuwa wanatokea humo mmoja mmoja, jembe begani na fagio mkononi kama fomu ya kujiunga ilivyowaagiza, wananiamkia kwa sauti ndogo na kupita. Nikasema moyoni, hawa hawatanisumbua.

Jumatatu ya kwanza nikafungua daftari la mahudhurio nikaanza kuita. Nipo, nipo, nipo, mambo yanakwenda vizuri. Nikafika jina la kumi na tisa, la msichana, jina la kawaida kabisa la ubatizo ambalo sitaliandika hapa. Nikaita, kimya. Nikaita tena. Darasa zima likainamisha vichwa, hata wale wavulana wa mbele ambao dakika mbili nyuma walikuwa wanapigana viwiko. Kisha kutoka dawati la nyuma kabisa nikasikia, "Nipo." Aliitika taratibu, kama aliyekuwa anasubiri kwanza kuona kama mwingine ataitika.

"Ala! Masikio umeyaacha nyumbani?" nikamwambia.

Nilitegemea wacheke. Watoto wa kidato cha kwanza wanacheka hata kiti kikilia. Siku ile hakucheka mtu.

Alikuwa amekaa peke yake. Madawati yalikuwa hayatoshi, wengine walikuwa wamebanana watatu watatu hadi wa pembeni anaegemea ukuta, lakini lake lilikuwa na nafasi ya watu wawili. Nikawaamuru wasichana wawili wahamie pale. Wakahama. Kesho yake asubuhi nikakuta wamerudi walikotoka. Nikawahamisha tena, na safari hii nilipandisha sauti, maana mimi nikiambiwa jambo mara moja nalifanya, na ninategemea wengine hivyohivyo. Mmoja wao akakaa kwenye ncha ya dawati, mguu mmoja nje, akaanza kulia bila kutoa sauti. Machozi yalikuwa yanadondoka kwenye daftari na hakuyafuta.

"Unalia nini? Nimekupiga?"

Akatikisa kichwa. Yule msichana wa dawati la nyuma naye akasogea mwenyewe mpaka ukutani, akampa mwenzake nafasi, kama aliyezoea kuogopwa. Nilikasirika nikadhani ni mambo ya ukoo, au kuna mtu kamwambia mtu kwamba nyumba fulani ina wachawi. Ujinga huo nimepambana nao tangu nianze kazi. Nikawapa hotuba ndefu ya upendo. Walinisikiliza kwa adabu zote na hawakubadilika.

Na kulikuwa na jambo la mkono. Yule mtoto alikuwa anaandika kwa mkono wa kushoto, na alikuwa anaandika vibaya ajabu. Herufi zinaanguka huku na huku, kalamu ameikamata kwa vidole vyote vitano, jasho linamtoka puani kwenye baridi ile. Kufagia alifagia kwa kulia. Kulima bustani ya shule, mkono wa kulia ndio ulikuwa unaongoza jembe. Lakini akishika kalamu, kushoto. Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba mwandiko wake ni wa kuku anayechakura jaani. Leo nikikumbuka naona aibu. Yeye alisema tu, "Nitajitahidi, Madam. Bado najifunza."

Bado unajifunza nini, kuandika? Umemaliza darasa la saba!

Jumanne ya wiki iliyofuata mkuu wa shule alituita walimu wa madarasa akatugawia karatasi. Kulikuwa na malalamiko, alisema, kwamba watoto waliofeli wanaingia sekondari kwa nafasi za wengine waliohama au kuolewa. Kila mwalimu wa darasa achukue fomu zilizotoka shule za msingi, zenye picha na alama, amlinganishe kila mtoto, kisha asaini kuthibitisha kwamba aliyepo darasani ndiye aliyechaguliwa. Mwisho Ijumaa. Asiye mwenyewe anafutwa na kurudishwa kwao, na mwalimu atakayesaini uongo atajibu mwenyewe.

Nilifurahi. Kazi ya namna hiyo ndiyo yangu.

Nilianza jioni ileile. Wa kwanza yuleyule, wa pili yuleyule. Nikafika kwa namba kumi na tisa. Picha ilikuwa yake: uso wa yai, macho makubwa, masikio yaliyosimama. Lakini msichana wa kwenye picha alikuwa amenyanyua kidevu, na huyu wangu wa darasani sikuwahi kumwona amenyanyua kidevu. Chini ya picha kulikuwa na alama za mtihani. Hisabati, daraja A. Na hisabati ninafundisha mimi, na mtoto huyu nilikuwa nimemwona anahesabu kwa vidole.

Jumatano nikamwita ubaoni. Sitaki kujifanya mwema, nilitaka kumnasa. Nikamwandikia mgawanyo rahisi wa darasa la tano. Akachukua chaki kwa kushoto, akasimama. Ukungu ulikuwa umeziba madirisha na nilikuwa nasikia pumzi za watoto. Akaandika tarakimu moja iliyopinda, chaki ikamponyoka, ikavunjika sakafuni. Akainama, akaiokota kwa mkono wa kulia, na akiwa amejisahau akaandika kwa mkono huohuo, haraka, mwandiko safi ambao hata mimi sina.

"Yesu!" mtoto mmoja akapiga kelele.

Wengine wakasimama. Yule aliyekuwa amelia dawatini alikimbilia mlangoni. Msichana wa ubaoni akautazama mkono wake wa kulia kana kwamba umeungua, akauficha nyuma ya sketi, na akaniangalia mimi kwa woga ambao sijawahi kuuona kwa mtoto aliyekosea hesabu. Jibu lenyewe lilikuwa si sahihi, lakini nani alikuwa na habari na jibu.

Nilimshika kiranja wa darasa baada ya kipindi. Nikamwuliza kuna nini. Akatazama viatu vyake.

"Alikatazwa, Madam."

"Alikatazwa nini?"

"Mkono wake wa zamani. Alikatazwa mkekani kuushikia kalamu au kisu. Mwenyewe asije akaona."

"Mwenyewe nani?"

Hata nilipomtishia adhabu alisema kwa heshima kwamba bora adhabu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi nilikuwa mgeni hata kisimani sijafika. Karibu nusu ya darasa langu walikuwa wametoka kijiji kimoja, na wote hao walikuwa wanajua, na wote walikuwa wameambiwa wanyamaze. Kuanzia saa ile nikiita jina la kumi na tisa nilikuwa najikuta mimi mwenyewe nasubiri, na nilikuwa nasubiri sauti mbili.

Alhamisi mchana nikamwambia yule msichana anipeleke kwao. Hakuuliza kwa nini. Akachukua jembe lake, akatangulia.

Tulitembea kama saa nzima kwenye tope jekundu. Mvua ilikuwa imekatika lakini migomba ilikuwa bado inadondosha maji. Nilijaribu kuzungumza naye mambo ya kawaida, ana ndugu wangapi, anapenda somo gani. Kwenye la ndugu hakujibu. Kwenye la somo alisema, "Hisabati," kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Tunapenda hisabati." Tulipita watu wawili watatu njiani, mashambani kwao, na kila mmoja alinyoosha mgongo akatusalimu, akamsalimu na mtoto kwa lile jina la kwenye daftari, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na kahawa inaanza palepale ukutani. Kati ya nyumba na mstari wa kwanza wa kahawa kulikuwa na kaburi. Udongo bado mbichi, haujapata hata majani. Msalaba wa mbao uliopakwa rangi nyeupe, na jina limeandikwa kwa rangi nyeusi na mtu mwenye mkono mzuri. Lilikuwa jina la msichana. Tarehe zilionyesha alikuwa na miaka kumi na sita, na alikufa Desemba.

Nikavua kitambaa kichwani. Nikamwuliza, "Pole, mwanangu. Nani huyu?"

"Ni mimi, Madam," akasema.

Hakusema kwa utani wala kwa huzuni. Alisema kama anavyoitika darasani. Nikashika tawi la kahawa, na maji yote ya jani yakanimwagikia mkononi.

Mama yake alikuja akitokea shambani, anajifuta mikono kwenye khanga. Mjane, mwembamba, sauti ya chini. Alinikaribisha ndani, akanipa kiti kizuri, akanipa chai. Yule mtoto akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, akaanza kumenya viazi kwa mkono wa kushoto. Kisu kilikuwa kinakata vipande vikubwa vinaanguka na maganda. Mama alivifuata vile vipande kwa macho.

Sikuzunguka. Nikamwambia, "Mama, nimetumwa kuthibitisha. Kesho lazima nisaini. Huyu ni nani?"

Alinieleza bila kuficha, na nadhani alishachoka kuficha. Alikuwa na mabinti wawili waliofuatana, wanafanana mpaka majirani walikuwa wanawachanganya. Mkubwa alifeli darasa la saba miaka miwili nyuma, akabaki nyumbani na jembe. Mdogo alikuwa na akili, alikuwa anaandika kwa kushoto, na mwaka uliokuwa umetoka kuisha alifaulu, jina lake likatoka kwenye orodha ya kidato cha kwanza. Wiki hiyohiyo akaenda Ivuna kumsaidia shangazi yake kuchemsha chumvi ili apate hela za kununulia sare, akarudi na homa. Siku ya tatu akafariki.

"Nafasi ilikuwa imeshafika nyumbani kwangu, Mwalimu," akasema. "Tangu ukoo huu uanze hakuna aliyekwenda sekondari. Ningeirudisha kwa nani?"

Baada ya kuanua tanga wazee waliketi. Kurithisha jina la marehemu ni desturi, hata kwetu milimani Ileje nimeiona: mtu mzima akifa, ndugu anakalishwa mkekani, anavikwa nguo yake, anaambiwa kuanzia leo wewe ndiye yeye, na watoto wa marehemu wanamwita baba au mama. Inafariji. Sijawahi kusikia inafanywa kwa mtoto. Hao waliifanya. Walimkalisha mkubwa mkekani, wakamvika sweta la mdogo wake, wakampa jina, kitanda, madaftari na mkono wake wa kushoto. Kijiji kizima kikashuhudia, watoto kwa wakubwa, kikakubali. Ila jina haliwezi kuwa darasani na kaburini kwa wakati mmoja. Kwa hiyo siku walipoleta msalaba, waliandika jina lililobaki bila mtu.

"Mama, mmemzika mtoto aliye hai."

"Hapana, Mwalimu." Alinitazama usoni, macho makavu. "Aliyefeli ndiye aliyekufa. Aliyefaulu yupo. Si unamwona anamenya viazi?"

Nilimgeukia mtoto. Alikuwa amejikata kidole na alikuwa anakinyonya. Nilitaka kufoka, na ninajua kufoka. Nilitaka kumwambia yule mama kwamba hii ni dhambi, kwamba mtoto huyu analala kwenye kitanda cha mfu na anapita kando ya kaburi lake kila asubuhi akienda shule, kwamba kesho namfuta. Kisha nikawaza, nikimfuta anakwenda wapi? Shuleni si mwanafunzi, na nyumbani alishazikwa. Nikanywa chai yangu. Ilikuwa imepoa.

Nikaaga. Mama akamwambia anisindikize mpaka barabarani, akimwita lile jina jipya. Tulipofika penye kaburi mtoto alisimama, akang'oa jani moja la mchicha pori lililokuwa limeanza kuota pembeni.

Nikamwambia, "Nisikilize. Mimi si mama yako wala mzee wa ukoo. Kalamu iko mkononi mwangu. Nikisema ukweli, utarudi kuwa wewe. Jina lako, mkono wako, kila kitu. Shule utaikosa, lakini tutatafuta njia nyingine, kuna mafundi cherehani, kuna vyuo. Unataka nini?"

Kwa mara ya kwanza nilimwona amenyanyua uso, na alikuwa mzuri.

"Madam, usinifute."

"Unapenda shule kiasi hicho?"

"Shule ni ngumu," akasema. "Sielewi kitu." Akageuka akatazama nyumba kuhakikisha mama hayupo mlangoni. "Nilipofeli, Mama aliacha kuniita jina langu. Miaka miwili. Alikuwa ananiita wewe. Wewe lete maji. Wewe ondoka hapo. Sasa kila jioni anakuja hapa, anapiga magoti, anaita jina langu analia. Anasema mwanangu mzuri, mwanangu nilikukosea nini. Nakuwa ndani nasikiliza, Madam. Ukinirudisha, ataacha."

Nilimshika bega, nikamwambia arudi, baridi inaingia. Nikaenda peke yangu mpaka barabarani, na njia nzima sikugeuka nyuma, kwa sababu jua lilikuwa linazama na nilikuwa najua nitamsikia yule mama.

Ijumaa asubuhi nilisaini. Karatasi nzima, majina yote hamsini na mawili, sahihi. Mkuu wa shule aliipokea, akaona mwandiko wangu ulivyopinda, akaniuliza kama nina homa. Nikamwambia ndiyo.